Kutoka Mteja wa Kwanza Hadi wa Thelathini: Mwongozo kwa Mtengeneza Programu Anayejitegemea

Mwongozo huu ni wa mtu anayejua kuandika programu, ana kompyuta yake na kibarua kinachomweka mjini, na sasa anataka kuuza kitu chake mwenyewe bila mwekezaji wala ofisi. Haya si maelezo ya kutafuta mtaji wa mamilioni wala ya kushinda mashindano ya ubunifu. Tunazungumzia ule mwaka wa mwanzo, ambao wengi huumaliza wakiwa na programu nzuri na wateja wawili, mmoja wao shemeji.

Ili tusielee hewani, nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: programu ya simu ya kutunza madeni na mzigo kwa maduka ya spea za pikipiki, Tanzania. Ukiwa Kenya au Uganda, majina ya ofisi na mitandao ya malipo yatabadilika, ila duka ni lile lile. Kipimo cha maendeleo nacho kitakuwa kimoja: ni wangapi wamelipa mara ya pili. Malipo ya kwanza mtu anaweza kuyatoa kwa huruma, kwa aibu, au ili uondoke kaunta. Ya pili hayatolewi hivyo.

Hatua ya 1: Chagua biashara moja ya watu wanaojuana

Ukimwambia mwenye duka la spea kwamba programu yako inafaa pia saluni, famasi na baa, umemwambia haikutengenezwa kwa ajili yake. Mwaka 2006 Patrick McKenzie, Mmarekani aliyekuwa ameajiriwa Japani, alianza kuuza programu ya kuchapisha kadi za bingo kwa walimu wa shule, kwa chini ya dola 30. Sijui ni mwekezaji gani angekaa kusikiliza wazo kama hilo. Lakini mwalimu aliyekuwa akitafuta kadi za bingo alikuta kitu kinachomhusu yeye, na McKenzie aliendelea nayo baada ya saa za kazi hadi akaacha ajira mwaka 2010.

Spea nimezichagua kwa sababu mwenye uamuzi yupo dukani au anapatikana kwa simu moja, fedha inapita kaunta kila siku, na tayari kuna daftari linalomuumiza kichwa. Zaidi ya yote, watu hawa wanajuana. Wengi wanachukua mzigo kwa wauzaji wale wale wa jumla Kariakoo, na mteja akikosa kifaa kwa huyu anaelekezwa kwa jirani: "Mwambie nimekutuma mimi." Sifa ya programu yako, nzuri au mbaya, itapita njia hiyo hiyo.

Shule na ofisi za serikali ziache kwa sasa. Shule ina mkuu, mhasibu, bodi na mihula; utahudhuria vikao hadi Desemba. Serikali inanunua kwa zabuni kupitia mfumo wa NeST, na hata ukishinda, malipo yanaweza kukukuta umeshauza kompyuta.

Hatua ya 2: Kaa dukani kabla ya kuandika chochote

Tafuta duka moja ambalo mwenyewe anakufahamu, uombe kukaa pembeni ya kaunta Jumamosi nzima. Usiende na kompyuta. Nenda na kalamu.

Utakachokiona ni hiki. Ukutani kuna kibandiko cha "Leo pesa, kesho mkopo". Chini yake kuna kaunta buku iliyojaa mikopo. Fundi anaingia na oili mikononi: "Nipe bleki shuu ya Boxer na plagi, andika." Kijana wa dukani anaandika "Juma fundi 9500", bila tarehe. Kurasa mbili mbele kuna "Juma mweusi 4000", na hakuna mwenye uhakika kama ni Juma yule yule. Jioni mwenye duka anafunga hesabu, anakuta shoti, yaani fedha imepungua, ya elfu kumi na mbili. Kijana anaapa kwamba hajui. Inakatwa kwenye posho yake, ananuna hadi Jumatatu.

Tukio hilo moja limekupa nusu ya programu. Mdaiwa anajulikana kwa jina la utani na kijiwe chake, si kwa majina matatu, kwa hiyo fomu inayolazimisha "jina la ukoo" haitajazwa. Bei inapatanwa kila mara, kwa hiyo mfumo unaokataa kubadilisha bei utawekwa kando kabla ya saa sita. Kifaa kimoja kina majina mawili matatu, na fundi atatumia la kijiweni, si lile la kwenye boksi. Umeme unakatika, bando linaisha, na kijana anatumia simu ya bei ndogo iliyopasuka kioo. Chochote utakachotengeneza lazima kifanye kazi bila intaneti na kitume taarifa mtandao ukirudi.

Ukiuliza maswali, uliza yaliyopita. "Mara ya mwisho kupata shoti ilikuwa lini, na ulifanyaje?" "Nani alikukimbia na deni kubwa mwaka huu?" Usiulize kama angependa kununua programu ya namna fulani. Watu wetu wana adabu. Atakujibu kwamba ni wazo zuri sana kijana wangu, Mungu akubariki, nawe utarudi nyumbani kuandika programu ya miezi minane kwa ajili ya dua.

Hatua ya 3: Tengeneza kipande kimoja

Anza na madeni tu. Mzigo, mauzo, mishahara na ripoti za mwezi vitakuja. Kazi ya toleo la kwanza ni tatu: kuandika deni kwa kugusa skrini mara chache, kwa muda mfupi kuliko wa kutafuta kalamu, kumwonyesha mwenye duka jumla ya anachodai akiwa popote, na kumkumbusha mdaiwa kwa ujumbe mfupi. Basi.

Gharama za kuanzia ni ndogo. Seva ndogo ya kukodi huanzia dola 4 hadi 6 kwa mwezi na inatosha kwa maduka mengi kuliko utakayoyapata mwaka huu. Akaunti ya kuweka programu Google Play ni dola 25, unalipa mara moja tu. Kuna kizingiti ambacho wengi hukigundua wakiwa wameshachelewa: akaunti binafsi zilizofunguliwa baada ya Novemba 2023 zinatakiwa kwanza kuwa na watu wa kuijaribu programu kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuitoa kwa umma. Mwanzoni walitakiwa watu 20, kisha mwishoni mwa 2024 wakapunguzwa hadi 12. Usijaze nafasi hizo kwa wanachuo wenzako. Waweke wenye maduka na vijana wao, maana siku hizo 14 ndizo zitakazokuonyesha nani anafungua programu bila kukumbushwa.

Nakala ya akiba ya data ifanyike kila usiku, na ujaribu kuirudisha walau mara moja kabla hujamchukulia mtu fedha yake.

Hatua ya 4: Weka bei, na weka utaratibu wa kulipwa

Usitoe bure "wazoee kwanza". Anayetumia bure hakuambii ukweli. Programu ikimchosha anaacha kimya kimya. Mpe siku 14 za majaribio, kisha alipe au aache.

Bei ipange kwa lugha ya duka. Mwenye duka anafikiria kwa siku, kwa hiyo shilingi 500 kwa siku anaielewa mara moja, nawe unapokea 15,000 kwa mwezi. Linganisha na shoti uliyoiona, usilinganishe na programu za Ulaya. Ongeza ada ya kuanzia ya kuhamisha madeni yaliyomo kwenye kaunta buku, kwa sababu hiyo ni kazi ya kweli ya jioni nzima na bila hiyo programu inaanza ikiwa tupu. Daftari likibaki na madeni ya zamani, kijana ataendelea kuandika huko.

Jambo gumu linakuja sasa, na hapa ndipo miongozo mingi ya mtandaoni inapotupoteza. Imeandikwa na watu ambao wateja wao wana kadi za benki: mteja anaandika namba ya kadi mara moja, fedha inakatwa yenyewe kila mwezi hadi akumbuke kusitisha. Mteja wako analipa kwa M-Pesa, Airtel Money au Mixx by Yas. Kila mwezi anaamua upya. Kwa hiyo kulipwa ni kazi ya kila mwezi, na inabidi uitengenezee utaratibu kama unavyotengeneza programu yenyewe.

Fungua Lipa Namba, ile namba ya kupokelea malipo ya biashara, yenye jina la biashara; usitumie namba yako binafsi. Mteja akituma kwenye namba yako kutakuwa na mjadala wa "weka na ya kutolea", na kuna siku ataona jina lako kamili akasita. Muulize kila mteja siku gani ya mwezi mkono wake una fedha. Wengi wa spea watakutajia tarehe ambayo haigongani na kodi ya fremu wala safari ya kufuata mzigo. Iweke hiyo iwe siku yake ya kulipa. Mkumbushe siku tatu kabla, kisha siku yenyewe asubuhi, na baada ya hapo umpigie simu. Wateja wakiwa chini ya kumi na tano huhitaji kuunganisha mfumo wa malipo. Angalia ujumbe wa muamala, weka alama mwenyewe. Wakizidi hapo ndipo uzungumze na kampuni za kati kama Selcom, AzamPay au ClickPesa. Kwa walio Kenya, Safaricom ina lango la Daraja linalomtumia mteja ombi la malipo kwenye simu yake, yeye akaweka namba ya siri tu.

Asipolipa, mzuie kuongeza deni jipya, lakini mwache aone yale ya zamani. Madeni hayo ni mali yake. Ukimfungia nje siku ambayo Juma amekuja kulipa, hatarudi, na mtaa mzima utajua kabla ya swala ya magharibi.

Hatua ya 5: Tembea, duka kwa duka, hadi kumi

Wateja kumi wa kwanza hawaletwi na tangazo la Instagram. Unawaendea kwa miguu. Asubuhi duka lina mafundi, jioni lina hesabu; saa nane hadi saa kumi alasiri ndipo mwenye duka ana subira. Ijumaa angalia saa ya swala.

Usifungue kwa kueleza programu inafanya nini. Mazungumzo yanayouza yanafanana na haya:

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Unauza nini?"

"Leo siuzi, naomba kuona daftari la madeni tu. Anayedaiwa kuliko wote ni nani?"

Atacheka, atakutajia. Muombe akusomee madeni kumi, uyaingize kwenye simu yako hapo hapo. Ukimaliza, mgeuzie skrini aone jumla. Wengi hawajawahi kuona jumla, wameona mistari tu. Akiona laki sita na arobaini elfu zimekaa nje, tena hiyo ni kurasa mbili, ataanza kuongea yeye. Wewe nyamaza.

Swali la pili litakuwa la TRA, mamlaka ya mapato. Ataliuliza kwa sauti ya chini: "Hii haijaunganishwa na kule?" Jibu kwa uwazi: programu inatunza madeni na kumbukumbu za duka, haijaunganishwa, na wala haichukui nafasi ya risiti ya EFD, mashine ya risiti za kodi, anayotakiwa kuitoa. Akikuomba umtengenezee vitabu viwili, kimoja cha kweli na kimoja cha wakaguzi, kataa. Mteja wa namna hiyo ni mmoja. Jina lako likihusishwa na jambo hilo, umepoteza wengine wote.

Kisha kuna kijana wa dukani, ambaye kwa maoni yangu ana uzito kuliko bosi wake. Bosi analipa, kijana ndiye anayeandika. Akiamini umeletwa kumpeleleza, simu itakuwa "imezima chaji" kila siku na programu itakufa bila mtu kulalamika. Kaa naye peke yake. Mwonyeshe kwamba kila deni lina saa na jina la aliyeliandika, kwa hiyo bosi akichukua elfu ishirini kwenye droo akasahau, itaonekana si yeye. Mfundishe kwanza kuandika fedha iliyochukuliwa na mwenye duka. Siku shoti itakapoelezeka bila kugusa posho yake, utakuwa umepata mtetezi ndani ya duka.

Hatua ya 6: Tunza daftari lako mwenyewe

Mali bila daftari hupotea bila habari, na wewe unayewauzia watu kauli hiyo usiwe bila daftari. Karatasi moja ya hesabu inatosha. Kila duka liwe na mstari: lilianza lini, limelipa mara ngapi, mara ya mwisho kuandika deni ni lini, na limeletwa na nani.

Safu ya kuchungulia kila Jumatatu ni ile ya mara ya mwisho kuandika deni. Duka lililokaa siku saba bila kuandika chochote halitalipa mwezi ujao, hata kama mwenyewe anakusalimia vizuri. Nenda leo, usisubiri siku ya malipo. Mara nyingi utakuta sababu ndogo: kijana ameondoka na mpya hajafundishwa, au simu imebadilishwa.

Hesabu ya mapato ifanye bila kujipendelea. Maduka 30 kwa 15,000 ni 450,000 kwa mwezi kama wote wamelipa, nao hawatalipa wote. Toa seva, ujumbe mfupi, bando na nauli. Kinachobaki hakimtoi mtu kwenye ajira, na hakitakiwi kumtoa. Lakini ukiingiza maduka matano kwa mwezi na manne yakakatika, una miguu yenye nguvu, biashara bado huna. Hapo acha kuuza. Rudi kwa wale wanne, uliza walichokirudia baada ya kukuacha. Kama wamerudi kwenye kaunta buku, ipo kasoro kwenye kasi ya kuandika. Kama wamehamia programu nyingine, omba uione.

Hatua ya 7: Toka kumi hadi thelathini kwa mlango wa muuzaji wa jumla

Kutembea kunakufikisha kumi, pengine kumi na tano. Zaidi ya hapo unahitaji mtu anayefaidika wewe ukipata wateja. Kumpa mteja mwezi mmoja bure kwa kila duka atakaloleta kunasaidia kiasi. Chenye nguvu zaidi ni muuzaji wa jumla.

Yeye huwapa wauza rejareja mzigo kwa mali kauli, wauze kwanza ndipo walipe. Fedha yake imekaa kwa mafundi kupitia maduka hayo. Duka likikusanya madeni yake vizuri, yeye analipwa mapema. Mwendee na takwimu za maduka mawili matatu yanayonunua kwake, kwa ruhusa yao na bila kutaja nani anadaiwa nini, mwonyeshe deni limekaa nje siku ngapi kabla na baada. Ombi lako liwe dogo: awatajie wateja wake jina lako wanapokuja kufuata mzigo. Usimwahidi kwamba ataona madaftari yao. Atalitaka hilo, na jibu ni hapana.

Hatua ya 8: Huduma bila kuchakaa

Tenga namba ya WhatsApp ya biashara na utangaze saa za kujibu, vinginevyo utapokea jumbe za sauti za dakika nne saa tano usiku zinazoanza na "dogo, hii kitu yako imegoma". Omba picha ya skrini kwanza. Rekodi video fupi kwa yale yanayorudiwa. Maombi ya nyongeza yaandike pamoja na jina la duka, na usitengeneze kitu hadi wateja watatu wanaolipa wawe wamekiomba.

Hatua ya 9: Karatasi

Sajili jina la biashara BRELA kwa njia ya mtandao, chukua TIN, namba ya mlipakodi, kutoka TRA, ambayo haina ada, kisha leseni ya biashara. Kenya ni eCitizen, PIN ya KRA na eTIMS kwa ankara. Ukimuuzia kampuni, inaweza kukukata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya huduma. Dai cheti chake, ni fedha yako kwenye hesabu ya mwisho wa mwaka.

Usipuuze taarifa za watu. Majina, namba za simu na madeni ya mafundi ni taarifa binafsi, na Tanzania ina sheria ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, ikisimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kenya ina yake ya 2019, na mwaka 2023 kampuni moja ya mikopo ya kidijitali ilitozwa faini ya karibu shilingi milioni 3 za Kenya kwa kutumia majina na namba za watu kuwatishia. Ujumbe wa kukumbusha deni uende kwa mdaiwa peke yake, utaje duka na kiasi, uwe na heshima. Usitengeneze kabisa kitufe cha kuwatumia ndugu na marafiki zake, hata mteja wako mkubwa akikibembeleza.

Hatua ya 10: Msaidizi wa kwanza

Maduka yakifika thelathini na zaidi ya ishirini yakawa yamelipa mara ya pili, utatamani kuajiri mwandishi wa programu mwenzako. Programu inaweza kusubiri. Maduka ndiyo yanayohitaji mtu wa kuyapitia. Tafuta kijana aliyewahi kuuza spea, anayejua plagi ya Boxer na ya TVS bila kusoma boksi, na anayeweza kuingia dukani akasalimiwa kwa jina. Mpe nauli ya wiki na kamisheni. Kamisheni hiyo mlipe duka linapolipa mwezi wa pili, na mwambie hivyo siku ya kwanza, kabla hajaanza kukuletea shemeji zake.